Jangwa lilipompima Mwingereza

Katika riwaya nyingi za enzi ya ukoloni, Mwingereza ndiye mtazamaji na Mwafrika ndiye mtazamwa. Je, umewahi kusoma kitabu ambamo mambo yamegeuka, jangwa likamtazama Mwingereza?

Swali hilo linawahusu sana wakazi wa Galbet, mjini Garissa. Garissa ilikuwa katika wilaya ya kaskazini mpakani, ambayo sheria ya mwaka 1926 iliifunga: mgeni hakuingia bila kibali. Maofisa wachache walitawala nchi pana na kavu. Ng'ambo ya mpaka, katika Somalia iliyokuwa ya Waitaliano, Waingereza walitawala kijeshi kuanzia 1941 hadi 1950. Ofisa wao mmoja alikuwa mwandishi Gerald Hanley.

Hanley alizaliwa Liverpool mwaka 1916, lakini wazazi wake walikuwa Wairishi. Alivaa magwanda ya Mwingereza huku akimtazama kwa jicho la pembeni. Mwaka 1951 alitoa riwaya, The Consul at Sunset, na mwaka 1971 kumbukumbu zake, Warriors and Strangers.

Katika kumbukumbu hizo anaeleza jinsi joto na upweke vilivyowaelemea wenzake hadi baadhi wakajiua. Kwa nini? Ofisa alilelewa aamini kwamba Uingereza ni nidhamu, utulivu na kuficha machungu. Kwao, desturi hizo zilishikiliwa na jirani, klabu na kanisa. Jangwani alibaki na cheo tu, na cheo huhitaji mtu wa kukikubali. Msomali naye hakujiona mdogo kwa yeyote. Alibisha, akajadili, akaenda zake na ngamia wake. Hanley aligombana na watu hao, lakini hatimaye aliwastahi.

Hata hivyo, tusisahau kwamba Hanley alikuja na bunduki na amri ya kutawala. Ewe mwanafunzi, usikisome kitabu chake kama historia ya Wasomali. Kisome kama ushahidi juu ya Waingereza: waliogopa nini, walijivunia nini, na walipungukiwa na nini walipokuwa mbali na kwao.

Nawe mzazi, historia ya Wasomali iko karibu. Mpeleke mwanao kwa mzee aliyewahi kuchunga ngamia, aketi, asikilize, kisha aandike. Wageni wamekwisha kuandika yao. Yetu yanangoja kalamu.