Nani Mwongo, Macho au Picha?

Mmoja wa akina mama wa kikundi chetu ni fundi cherehani. Alimtumia mwenzake picha ya kitambaa kwa simu. Mwenzake akakipenda, akalipa. Gauni lilipofika yakazuka maneno. "Dada, niliagiza kijivu, wewe umenishonea bluu!" Fundi akaapa kuwa kitambaa ni kilekile. Miezi miwili hawakusalimiana, hata kanisani. Tulipoitwa kuwapatanisha tuliitazama ile picha, nasi tukagawanyika vilevile.

Je, nani alikuwa mwongo? Hakuna. Mwaka 2015 mama mmoja wa Uingereza alipiga picha ya gauni alilotaka kuvaa katika arusi ya bintiye, akamtumia. Binti na mchumba wake wakabishana, kisha dunia nzima ikabishana: wengine waliona nyeupe na dhahabu, wengine bluu na nyeusi. Gauni lenyewe lilikuwa la bluu na nyeusi.

Mwanga unaoingia jichoni huchanganya rangi ya kitu na rangi ya mwanga unaokimulika. Shuka jeupe chini ya taa ya chemli hurudisha umanjano, lakini wewe huliona jeupe, kwa sababu ubongo umeuondoa umanjano ule bila kukuuliza. Picha ya lile gauni haikuonyesha wazi ni mwanga gani uliolimulika, basi kila ubongo ukakisia. Aliyedhani gauni liko kivulini, penye mwanga wa kibluu, aliondoa bluu akaona nyeupe na dhahabu. Aliyedhani limemulikwa na taa ya manjano aliona bluu na nyeusi. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa wanaopenda kuamka mapema huelekea zaidi kuona nyeupe, labda kwa kuwa wamezoea mwanga wa mchana. (Sisi wa zamu za usiku tulicheka sana.)

Msichanganye jambo hili na upofu wa rangi. Mtoto anayekosea nyekundu na kijani kila siku, na kuchapwa kwa ajili hiyo, apelekwe kupimwa macho. Wengi wao ni wavulana, nao hurithi hali hiyo kupitia kwa mama, ingawa mama mwenyewe huona vizuri.

Siku hizi fundi wetu hategemei picha. Hukata kipande cha kitambaa, akampelekea mteja, wakakitazama pamoja nje, juani. Wa kwanza kupelekewa alikuwa yule dada.