Mshahara wa kwanza Matai: Panga hivi kabla haujaisha

Umepangiwa kazi Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo. Labda ni mwalimu, muuguzi au afisa kilimo. Mshahara umeingia tarehe 23, ikifika tarehe 10 unakopa vocha. Shida siyo udogo wa mshahara peke yake, shida ni kwamba hauna mpangilio.

Tuanze na hesabu.

Mshahara wako siyo ule wa kwenye barua

Chukua mfano wa mshahara wa 700,000. Mtumishi wa umma anachangia PSSSF asilimia 5 (35,000) na bima ya afya asilimia 3 (21,000). Kodi ni kama 49,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, inakatwa asilimia 15 (105,000). Unabaki na 490,000. Hiyo ndiyo ya kupanga.

1. Weka kwanza, tumia baadaye

Siku mshahara ukiingia, toa 50,000 weka pembeni kabla hujanunua chochote. Ukisubiri kitakachobaki, hakibaki. Lengo la kwanza ni akiba ya dharura ya miezi mitatu. Kama matumizi yako ya lazima ni 300,000, unahitaji 900,000. Kwa 50,000 kwa mwezi ni mwaka mmoja na nusu. Ni muda mrefu, ndiyo, lakini unafika.

2. Kaa mbali na kausha damu

Ukikopa 200,000 na kurudisha 260,000 mwisho wa mwezi, riba ya 60,000 imekula akiba yako yote ya mwezi huo na zaidi. Mikopo ya kwenye simu nayo iangalie. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kabla ya kukopa, uliza leseni.

Na ukikopa benki kwa dhamana ya mshahara, kumbuka mtumishi anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Huo ni mstari wa mwisho, usiufanye kuwa ndiyo lengo lako.

3. Mahindi ni biashara, siyo akiba ya dharura

Ufipa kila mtu anaijua hii: nunua gunia wakati wa mavuno, uza Januari au Februari bei ikipanda. Inalipa, ila siyo kila mwaka. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na bei ikaporomoka. Waliokuwa wameweka fedha zote kwenye magunia walibaki nayo. Tena kuna dumuzi, hivyo tumia mifuko ya kinga njaa. Weka kwenye mahindi fedha ambayo ikichelewa kurudi, bado utakula na kulipa kodi ya nyumba.

4. Ndugu wawe kwenye bajeti

Simu itapigwa tu. Ada ya mdogo wako, mama anaumwa, mjomba ana msiba. Kusaidia ni jambo jema, ila lipangie kiasi, mfano 40,000 kila mwezi. Ikiisha, sema kwa heshima: "Shikamoo mjomba, mwezi huu imekwisha, mwezi ujao nitakukumbuka." Ni afadhali kuliko kukopa ili usaidie.

5. Sasa fedha ikufanyie kazi

Akiba yako inaweza kukaa UTT AMIS, Mfuko wa Ukwasi. Unaanza na 100,000, kisha unaongeza kuanzia 10,000, na ukihitaji fedha unaipata ndani ya siku chache za kazi. Huna haja ya kusafiri, unaweka kwa simu hata ukiwa Kasanga au Kasesya.

Dharura ikishakamilika, angalia hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu. Kiwango cha chini ni 1,000,000, na riba inalipwa kila baada ya miezi sita. VICOBA na SACCOS za kazini nazo ni nzuri, mradi kuna katiba na vitabu vinasomwa mbele ya wanachama wote.

Uhuru wa kifedha hauanzi na gari. Unaanza siku ambayo mshahara umechelewa wiki moja, na wewe umelala usingizi wako vizuri. Mwezi huu anza na hiyo 50,000. Kama haiwezekani, anza na 20,000.