Dawa yenye kuokoa na kuumiza: nani anashika mizani?

Shiye wa sendika tunazoea kuzungumza juu ya mishahara na usalama wa kazi. Leo tunaleta habari ya dawa moja ya mbali, juu inagusa swali letu la kila siku: kama faida ni kubwa na hatari ni kubwa, nani anapaswa kupima?

Kuko ugonjwa wenye kuitwa sklerozi ya plaki. Ulaya na Marekani unashika watu wengi, zaidi wanawake, wakiwa wangali vijana. Mishipa ya bongo ni sawa na waya wa umeme, iko na ganda inje. Katika ugonjwa huu, askari wa damu wenye kulinda mwili wanageuka na kula lile ganda. Mara macho yanafifia, mara miguu inakosa nguvu. Inapona, inarudia. Kisha miaka, wengine hawatembei tena.

Mwezi wa 11 mwaka 2004, Marekani iliruhusu dawa ya natalizumabu, jina la soko Tysabri. Inaingizwa kwa mshipa kila wiki 4. Kazi yake ni kufunga mlango: askari hawaingii tena kwenye bongo. Katika majaribio ya miaka 2, mashambulizi ya ugonjwa yalipungua kwa asilimia 68.

Lakini mlango ukifungwa, mwizi wa ndani anapata nafasi. Watu wengi wanabeba kirusi cha JC, kimelala tu. Kwa wagonjwa wengine kiliamka, kikaharibu bongo. Banganga wanaita ugonjwa ule LEMP. Mwezi wa 2 mwaka 2005 dawa ikaondolewa. Walipochunguza watu waliopata dawa katika majaribio, walikuta wagonjwa 3, na 2 walikufa. Hesabu ikawa mtu 1 hivi kwa watu 1000.

Mwezi wa 3 mwaka 2006, wagonjwa wenyewe walisimama mbele ya kamati ya wataalamu. Wengi waliomba dawa irudishwe: hatari ile waliijua, na kulemaa walikujua pia. Mwezi wa 6 ikarudi, na masharti: kila mgonjwa aandikishwe, aelezwe hatari, aangaliwe kila mara. Leo damu inapimwa kwanza kama kirusi kile kiko. Mwenye nacho, akitumia dawa zaidi ya miaka 2, hatari yake inapanda.

Hapo ndipo tunajifunza. Kila mchimbaji anakubali hatari fulani akishuka chini. Kitu hakubali ni kushushwa bila kuambiwa jiwe la juu liko namna gani.

Na kwetu? Vumbi la mawe linaharibu mapafu, kifua kikuu kinapata njia. Dawa zake zinaokoa, lakini isoniazidi inaweza kuumiza maini. Usiache dawa kwa woga, ugonjwa utarudi na nguvu. Ila macho yakigeuka manjano ao mkojo ukiwa mweusi, kimbia kwa munganga siku ileile.

Mbele ya kupokea dawa kali, uliza: itanisaidia kiasi gani? Inaumiza watu wangapi? Alama ya kwanza ni gani? Nisipoitumia, nini itanipata? Munganga anajua dawa, mgonjwa anajua maisha yake na mzigo wa nyumba yake. Mizani waishike wote wawili.