Dhiki ya Saidia Fundi

Kibarua wa Nakwa, mjini Babati, abebaye zege tangu asubuhi hata magharibi kwa ujira wa kutwa, na ambaye saruji ikikosekana hurejea nyumbani mikono mitupu, aghalabu huificha dhiki ya nafsi yake; kwani akiomba ruhusa ya kwenda hospitali kwa kukosa usingizi, wenziwe watamcheka na nafasi yake itatwaliwa. Pombe ndiyo tabibu wake wa kwanza, tena tabibu mwovu. Wengi hudhani tiba ya akili iko Hospitali ya Mirembe, Dodoma, peke yake, ilhali hospitali za mikoa nazo hupokea wagonjwa wa akili. Na dhiki ikimfikisha mtu hata kutaka kujitoa uhai, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ingali yahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, jambo ambalo, kwa rai yangu, humtia mtu khofu ya kusema hata mbele ya daktari.