Umeruuudi!

Jana usiku mliusikia mtaa mzima ukipiga kelele? "Umeruuudi!" Hata wewe uliyekuwa umesinzia mkekani uliamka ukarukaruka, na sidhani kama ulijua kilichorudi ni nini. Ulikuwa umeme tu. Lakini mlichokifanya kina jina lake: shangwe.

Mmoja wenu kaniuliza, "Bibi, si ni furaha tu hiyo?" Hapana, mjukuu wangu. Furaha unaweza kuwa nayo peke yako, umejikalia kimya unamenya chungwa. Bashasha nayo hukaa usoni. Mgeni huiona kabla hujamwambia karibu. Shangwe ina sauti, tena inataka watu. Ndiyo maana tunasema "nina furaha kukuona", lakini ukiniambia "nina shangwe kukuona" nitachungulia nyuma yako nione umekuja na ngoma gani.

Shangwe hutanda, hulipuka, hurindima. Bibi harusi hupokewa kwa shangwe. Bao likiingia, watu hushangilia, na kitenzi hicho ni ndugu wa neno letu. Mara nyingi huwa na wenzake: shangwe na nderemo, vifijo na vigelegele. Kigelegele mnakijua, ulimi unachezeshwa mbiombio mdomoni na sauti inapanda juu. Mtoto akizaliwa, jirani wa nyumba ya tatu anapata habari bila kutumiwa mtu. Vigelegele vyangu siku hizi vinatoka na upepo, meno yamepungua.

Sasa sikilizeni shangwe kubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, watu walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Saa sita usiku taa zikazimwa. Giza. Katika giza hilo bendera ya Uingereza ikashushwa. Taa zilipowaka, bendera iliyokuwa juu ilikuwa ya kijani, nyeusi na rangi ya dhahabu, bendera ya Tanganyika huru. Kelele za jana mtaani kwetu, zizidishe kwa uwanja mzima, kisha ongeza miaka yote ambayo watu walikuwa wakiusubiri usiku ule.

Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, akipandisha bendera hiyo na kuwasha mwenge. Huko walikuwa wachache, katika baridi ya kukausha midomo. Furaha walikuwa nayo, sina shaka. Ila shangwe, kwa hewa ile nyembamba! Mtu anatafuta pumzi ya kusimamia, ya kushangilia ataitoa wapi? Nadhani shangwe yao iliwangoja huku chini.

Haya, taa hiyo imeanza kupepesa tena. Nisogezeeni kiberiti na mshumaa. Na umeme ukikatika kisha ukarudi, leo naomba mnyamaze kidogo, kigelegele cha kwanza nipige mimi.