Mgandamizo wa Hewa na Mgandamizo wa Baruti: Mfano wa Ngara na Biharamulo

Mwenye kufasiri maelezo ya risasi kwa Kiswahili hukutana mapema na neno moja linalobebeshwa mambo mawili. Hewa inayotuzunguka ina mgandamizo wake, na gesi ya baruti iliyowaka ndani ya bunduki ina wake. Wataalamu wa fizikia wametupa "kanieneo", wengine hupendelea "shinikizo". Lakini kubadili neno hakuondoi utata ikiwa halisemwi ni la nini.

Ngara na Biharamulo zafaa kuwa mfano. Ziwa Victoria, mashariki ya Biharamulo, liko mita 1,134 juu ya bahari; vilima vya Ngara, mpakani mwa Rwanda na Burundi, hupita mita 1,700, na hewa ya huko imepungua kiasi cha moja ya tano kuliko ya pwani. Asomaye kwamba "mgandamizo hupungua mlimani" aweza kudhani baruti nayo imelegea, na kama hujaza risasi kwa mkono, akaongeza kipimo. Hapo kosa la mfasiri laweza kupasua bunduki. Maana ndani ya bunduki ya kisasa mgandamizo hufika zaidi ya mara 3,000 ya ule wa hewa ya pwani. Upungufu wa nje hauonekani kabisa. Wepesi wa hewa humsaidia tu risasi arukapo: hupunguziwa kizuizi, na kwa shabaha ya mbali hupiga juu kidogo.

Lenye uzito ni joto, tena joto la baruti yenyewe, si la hewa. Baruti isiyo na moshi ikipata joto huungua upesi zaidi, na mgandamizo hupanda. Kipimo cha juu kilichoonekana salama asubuhi ya baridi vilimani Ngara huweza kupita kiasi mchana, risasi zikiachwa juani garini kuelekea ziwani. Waingereza waliyajua haya kwa kodaiti yao: risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911 ilipewa ganda kubwa ili mgandamizo usizidi katika nchi za joto.

Kuna na kitenzi "kushindilia". Ni cha gobori, ambalo baruti yake husukumwa kwa ufito mdomoni mwa mtutu. Kinataja kazi ya mkono kabla ya moto. Wanaokitumia kwa risasi za ganda, na kisha kukinyambua ili kutaja nguvu ya gesi, huchanganya tendo na tokeo lake. Ganda na lijazwe, gobori lishindiliwe, na "mgandamizo" ufuatwe daima na "wa hewa" au "wa baruti".