Kuzima si Kutenga: Kinga Tatu za Umeme wa Nyumbani

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu akisema amezima stima, wasikilizaji huchukulia kwamba hatari imekwisha. Hata hivyo, kitenzi hicho hubebeshwa matendo mawili yasiyofanana, na kuyachanganya kwaweza kugharimu uhai. Makala haya yanalenga kufafanua kinga tatu za umeme wa nyumbani, yaani kuunga ardhini, kuunganisha vyuma na kutenga.

Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Huingia chomboni kwa waya moto na kurudi kwa waya wa nyutro. Waya wa tatu, wenye rangi za kijani na manjano, hauna kazi mambo yakiwa shwari. Huo huliunga gamba la chuma la pasi au jokofu na ardhi. Waya moto ukichubuka na kuligusa gamba hilo, mkondo mkubwa hupata njia nyepesi, fyuzi ikakatika na umeme ukakoma. Usipokuwepo, gamba hubaki na umeme likingoja mkono wa mtu.

Ikumbukwe kwamba fyuzi ya ampia 13 hulinda waya, si mtu. Mkondo usiofikia ampia 0.1 waweza kuvuruga mapigo ya moyo. Isitoshe, pale njia ya kurudia ni udongo pekee, mkondo huenda ukawa mdogo mno kuikata fyuzi. Ndiyo sababu huwekwa pia swichi maalumu inayojikata yenyewe mkondo wa ampia 0.03 unapovuja.

Kinga ya pili ni kuunganisha. Umeme hupita mwilini pale tu sehemu mbili zinazoguswa zinapotofautiana kwa volteji. Ndege hutua juu ya waya usiofunikwa bila kudhurika kwa kuwa miguu yake yote imo katika volteji moja. Vivyo hivyo, mabomba na vyuma vya bafuni hufungwa pamoja kwa waya wa shaba, ili anayegusa viwili kwa wakati mmoja asiwe daraja baina yavyo.

Kinga ya tatu ni kutenga. Swichi ya taa hukata waya mmoja tu. Fundi akikosea akaiweka kwenye nyutro, taa itazimika ilhali kishikio cha balbu kingali na volti 240. Kutenga ni kukata waya moto na nyutro kwa pamoja, kuifunga swichi kuu ili mwingine asiiwashe, kisha kuhakikisha kwa kipimo kwamba umeme haupo.

Ni dhahiri, basi, kwamba tofauti ya kuzima na kutenga si suala la msamiati tu. Anayeandika maagizo ya kifaa au kumfunza fundi kwa Kiswahili hana budi kuidumisha, kwani msomaji wake atayatii maneno hayo akiwa ameshika waya.